Viraka Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la kuandikia safari za basi la shule. Kurasa za mbele nimezichana, zilizobaki nimejipa mwenyewe. Nataka kuandika kazi ya lori tangu siku ya kwanza.

Leo Baba ametamka. Alikuwa amekaa barazani, ufunguo wa lori mkononi, Mama na Mjomba wapo. Akasema, "Mwanangu, lori limekaa uani miaka sita. Injini nzima, gia nzima, ila kutu imelila. Liondoe kutu, liwe lako, ufanyie kazi."

Nikamwuliza, "Langu kabisa?"

"Lako."

Nikauliza tena. Mama akanikata, "Si amekwambia? Unataka akuapie?"

Nimeendesha malori ya watu miaka tisa. Kampuni ilipofunga yadi nikaangukia basi la watoto wanaotapikiana mgongoni asubuhi na jioni. Lori langu mwenyewe! Nimefurahi mpaka nimeona aibu, nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Kuchomelea atachomelea Mjomba, mdogo wake Mama. Ni fundi bodi wa siku nyingi, na ndiye aliyenifundisha kushika nyundo nikiwa darasa la nne. Ananiita Injinia. Mimi na yeye ni chanda na pete, Mama husema angenizaa yeye ingekuwa nafuu kwa wote.

Jumanne, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Tumefunga turubai kutoka ukuta wa jikoni hadi nguzo ya kamba ya nguo, lori likaingia chini yake lote isipokuwa makalio. Mama akalalamika kwamba hana pa kuanika. Mjomba akamwambia, "Dada, vaa hivyohivyo mbichi, labda hasira zitapoa." Amefukuzwa na mwiko.

Jumamosi, 9 Machi

Siku nzima tumekwangua rangi. Nilidhani naijua hali ya lori hili. Sikuwa najua kitu.

Milango yote miwili imekwisha chini, shibiri nzima kutoka kwenye ukingo. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge, nikiyagusa kwa tindo yanapasuka na unga wa kahawia unamwagika. Madigadi ya kushoto yamebaki kwa mazoea tu. Nguzo ya nyuma ya mlango wa dereva ina tundu la kupitisha ngumi. Lakini sakafu ya kebini ndiyo iliyonitoa jasho. Upande wa dereva, chini ya klachi, nilisukuma kwa kidole, kidole kikapita. Nikaona udongo wa uani na mdudu akitembea zake.

Mjomba akachungulia. "Hili si lori, Injinia. Hili ni chujio."

"Linatengenezeka?"

"Kila kitu kinatengenezeka, mpwa wangu. Ni kukata kilichooza mpaka ukutane na chuma kizima, kisha unaweka bati jipya. Kutu hairembeshwi. Inakatwa."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha tangu zamani na ndivyo ninavyotaka lori langu litengenezwe.

Jumanne, 12 Machi

Tumegawana kazi. Mashine ya kuchomelea ni ya jirani, fundi mageti, naye anatuazima alasiri tu akishamaliza kazi zake. Alasiri mimi niko barabarani na basi. Kwa hiyo asubuhi nikirudi nakata kilichooza, napima tundu kwa kipande cha boksi, nakata bati kwa kufuata boksi, nalikunja kwa nyundo mpaka likae. Mjomba anachomelea nikiwa sipo. Hata ningekuwepo kinga ya uso ni moja, na bati jembamba linataka mkono mwepesi ambao mimi sina. Nikichomelea mimi natoboa.

Kila kiraka nakiandika namba kwa rangi nyeupe upande wa ndani, ili Mjomba asichanganye. Leo namba moja na namba mbili, mlango wa kulia.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Viraka vitano. Kidole gumba kimekatwa na bati.

Jumatatu, 18 Machi

Nimerudi jioni nikakuta mlango wa kulia umefungwa tayari, umepakwa puti ya kusawazishia juu, na ubao wa ndani umerudishwa na skrubu zake zote. Nikataka kuufungua nione maungio kwa nyuma. Mjomba akanishika mkono.

"Nimepaka dawa ya kutu kwa ndani. Kwa mvua hii haikauki leo wala kesho. Ukigusa inabanduka, tunaanza upya."

Nikaacha. Tena nitasema ukweli, hata asingetaja dawa ningeacha. Kukagua mgongo wa kazi ya mjomba wangu ni kama kumhesabia vijiko akitoka mezani. Mtu aliyekufundisha kazi humkagui.

Jumamosi, 23 Machi

Baba ametoka kukagua. Mtoto wa jicho amemfunika sana siku hizi, sura ya mtu anaiona kama iko nyuma ya pazia, lakini mikono yake ni ileile. Amepitisha kiganja mlango mzima, taratibu, kutoka bawaba hadi kitasa. Kisha akagonga kwa kifundo cha kidole. Akagonga juu, akagonga chini, akainamisha sikio. Baba alikuwa akisikia nati iliyolegea huku tukiwa barabarani na redio imewashwa.

Akanyooka, akasema, "Safi. Safi kabisa."

Nikamwuliza, "Kweli, Baba?"

"Nimesema safi. Mkono wako huo."

Nilishindwa kula mchana kwa furaha. Mama akasema mtu akisifiwa ndani ya nyumba hii hufanya kama kafufuka.

Jumatano, 27 Machi

Mtoto wa kiti cha tatu ametapika mara mbili. Mvua. Viraka namba kumi na mbili na kumi na tatu.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimemaliza kiraka cha sakafu. Namba kumi na saba, cha mwisho na kikubwa kuliko vyote. Kimenichukua siku nne. Kina mkunjo wa kupanda ukutani, kina tundu la mkono wa klachi, na kina mifereji miwili ya kukipa nguvu ambayo nimeipiga juu ya gogo, pigo baada ya pigo, nikihesabu. Nilipokiweka mahali pake kilikaa chenyewe, kwik, bila kulazimishwa. Nikakitoa na kukirudisha mara tatu kwa raha tu.

Mjomba alikitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Injinia, hiki ni cha kutundika ukutani."

"Kichomelee tu. Ukutani nitatundika leseni."

Hakucheka. Nikadhani amechoka.

Jumamosi, 6 Aprili

Msasa tangu asubuhi. Puti imekauka upande wa kushoto, nimeisugua mpaka mabega yamekufa ganzi. Hili ni kopo la tatu. Nilimwuliza Mjomba mbona puti inakwenda sana, akasema bati jipya lina mabonde. Mabonde gani tena, nimelinyoosha mwenyewe. Lakini yeye ndiye fundi.

Alhamisi, 11 Aprili

Mdogo wangu amepiga simu kutoka mjini anakoishi. Mama alikuwa akicheka naye chumbani, nilipoingia kicheko kikakatika, akasema, "Haya, dada yako huyu hapa," na simu ikakatwa kabla sijaipokea. Bila shaka anataka kitu. Kijana huyu ameanza shughuli nne, na alichomaliza ni kuzianza tu. Sasa ni duka la simu, nasikia.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua imetuachia siku moja, tukapiga rangi. Buluu. Nimekaa mbele ya lori na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Milango imenyooka, unajiona ndani yake. Nimekwenda kulitazama mara nyingine na nyingine. Mama amenikuta naongea nalo.

"Umeanza lini kuongea na vyuma?"

"Vinanisikiliza."

Akageuka akaingia ndani. Kawaida Mama haninyimi jibu.

Ijumaa, 19 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi nikiwa na basi ilipiga mvua ya upepo. Niliporudi saa nne nikakuta turubai limeng'oka upande mmoja na maji yote ya paa la jikoni yamekuwa yakimwagikia mlango wa kulia wa lori kwa muda usiojulikana. Sikuogopa. Bati jipya, rangi mpya, maji yangefanya nini? Nikachukua kitambaa nikafute.

Chini ya mlango, penye matundu madogo ya kutolea maji, kulikuwa kunatoka uji. Mweupe, mzito. Nikauchota kwa kidole. Ulikuwa karatasi. Kipande kimoja kilikuwa bado na maandishi, nikasoma nusu ya habari ya mpira, timu fulani imefungwa nyumbani.

Nikasema labda Mjomba aliweka gazeti ndani ili dawa isidondoke. Kweli nilisema hivyo, kwa sauti, peke yangu uani. Nikachukua bisibisi, nikafungua ubao wa ndani. Skrubu nane.

Hakukuwa na dawa ya kutu. Hakukuwa na kutu iliyokatwa zaidi ya ile niliyokata mimi. Matundu yangu yalikuwa palepale nilipoyaacha, yamezibwa kwa waya wa kuku na magazeti yaliyokunjwa, na puti imesukumwa kutoka nje mpaka imechungulia ndani kama unga uliokandwa. Hapakuwa na bati. Hakuna hata doa moja la kuchomelea.

Nilikwenda ndani, nikatoa sumaku kwenye spika mbovu ya redio. Nikaiweka juu ya mlango, ikashika. Nikaishusha taratibu. Ilipofika shibiri moja kutoka ukingoni ikaanguka kwenye matope. Nikaiokota, nikaifuta, nikajaribu mlango wa kushoto. Ikaanguka. Madigadi. Ikaanguka. Nguzo. Ikaanguka. Nilikuwa nalizunguka lori langu naangusha sumaku na kuiokota, mvua inaninyeshea, na Mama amesimama dirishani anatazama. Hakuniita ndani. Hakuniuliza nafanya nini.

Sakafu ilikuwa imetandikwa zulia jipya. Nikalifunua. Puti tupu, imelainishwa vizuri, imepakwa rangi nyeusi. Nikagonga kwa kifundo cha kidole.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Kwa sababu chuma kikigongwa kinajibu, na puti haijibu, inameza sauti. Hata mtoto angesikia. Baba aligonga mlango ule juu na chini, akainamisha sikio, akanyooka, akaniambia safi kabisa, mkono wako huo.

Alijua.

Nimekwenda kuchukua watoto jioni kama kawaida. Mmoja ameniuliza, "Mama dereva, mbona unalia?" Nikamwambia kaa chini, ufunge mkanda.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimevipata. Viko nyuma ya tangi la maji, vimefunikwa gunia, vimepangwa kwa ukubwa. Viraka vyangu vyote kumi na saba, namba zimeangalia juu. Afadhali angevitupa. Alivipanga.

Mjomba alikuja saa tano akiimba. Nikamwamkia. Hata leo nilimwamkia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Injin..." Akaona viraka vimepangwa barazani. Akavua kofia yake ya kazi, akaketi juu ya ndoo.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Chuma chenyewe kimechoka, mpwa wangu. Kila nikigusa kinatoboka."

"Umejaribu kipi? Sijaona doa hata moja."

Akachukua kiraka namba nne, akakigeuza, akakirudisha.

"Mjomba, nilisugua puti yako mpaka mabega yakafa. Ulinikalisha pale nasugua magazeti."

"Muulize baba yako."

"Nakuuliza wewe. Baba hakunifundisha nyundo."

Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Lori limeshapata mtu. Tangu kabla ya mvua. Baba yako alisema lijazwe tu, lipendeze, lipite. Nikamwambia mtoto atajua. Akasema hatajua, anakuamini wewe."

"Na wewe ukasema nini?"

Aliinuka, akaondoka bila kuaga, na kofia yake ameiacha kwenye ndoo. Nimemchukia kwa muda mrefu mchana huu. Halafu nikajikuta nakunja gunia vizuri na kuvirudishia viraka juu yake kwa mpangilio, kama alivyonifundisha.

Jumapili, 21 Aprili

Baba nilimkuta barazani. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea.

"Baba, lori langu liko wapi?"

"Mjomba wako kaja kuniambia. Kaa chini."

"Nimesimama."

Akasugua magoti. Akasema mdogo wangu amepata mahali pa kufungua duka, kijana anahangaika, lazima ashikwe mkono. Akasema lori litauzwa, anayelinunua anakuja Jumamosi, na anayelinunua ni Kofia.

Kofia namjua. Tumeendesha wote kwenye kampuni miaka mitano, anaitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa. Ni mtu mwenye mke na watoto watatu ambao husafiri naye shule zikifungwa, wamebanana kebini kama dagaa. Sakafu ile ingewachukua.

"Kwa nini uliniambia ni langu?"

"Ungefanya kazi vile kama ningekwambia ni la kuuza?"

Alisema hivyo bila hata kubadili sauti. Nadhani alikuwa ananisifu.

"Ungejua likishaondoka," akaendelea. "Ungekasirika wiki moja. Nakujua."

"Na Kofia? Umemwambia nini Kofia?"

Mama ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Kofia mwenyewe ndiye aliyesema halihitaji kukaguliwa, kwa kuwa umelitengeneza wewe."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Sikuitwa kwa ajili ya kukata bati. Bati hawakulihitaji. Walihitaji nionekane uani mwezi mzima na nyundo, majirani wanione, habari zimfikie Kofia kwamba yule dada asiyejua kudanganya analitengeneza kwa mkono wake. Walinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na jina langu wakalipaka juu ya lori pamoja na ile buluu.

Nimemwuliza Mama, "Na wewe ulijua tangu siku ile, uliponiambia nataka niapiwe?"

Akasema, "Nilidhani tutaelewana wenyewe kwa wenyewe."

Wenyewe ndio akina nani, sijui. Kwa miaka yote nilidhani mimi ni mmoja wao.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Hakuna anayeongea. Baba ametuma Mama aniambie kwamba Jumamosi nisiwepo, au nikiwepo ninyamaze. Sijaahidi lolote.

Jumamosi, 27 Aprili

Jua limewaka leo, la kwanza kwa siku nyingi, na lori likang'aa kupita kiasi.

Kofia amekuja saa tatu, amevaa shati la kwenda ugenini. Baba akamshika mkono, Mjomba yuko pembeni anatazama matairi, Mama ameleta chai. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni. Nilikuwa nimejiambia nitamfuata Kofia njiani baadaye nimweleze kimya kimya, ili Baba asiaibike. Ndivyo nilivyokuwa nimeamua kabisa.

Kofia akalizunguka lori, akapiga mluzi. Hakugonga popote. Hakuinama. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Dada, mimi maneno mengi sina. Wewe niambie tu. Ukisema ni zima, nalichukua saa hizi hizi, na mke wangu yuko kituoni na mizigo, tunaondoka nalo."

"Leo?"

"Leo. Watoto wamenuna kwa kusubiri."

Nikamtazama Baba. Hakuona macho yangu, lakini aligeuza uso upande niliko na kusema, "Mwambie mwenzako, mwanangu." Kwa upole. Alikuwa na uhakika nami. Mjomba aliinamisha kichwa.

Nafasi ya kumfuata njiani ilikuwa imekwisha. Nikasimama, nikaenda kwenye lori, nikafungua mlango wa dereva. Nikapanda. Nilikaa kwenye kiti kile kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, nilikuwa najinyima mpaka siku ya kutoka. Nikashika usukani. Kofia alisimama chini akitabasamu, anadhani nataka kumwashia asikie injini.

Nikainua mguu wa kushoto juu, goti likagusa usukani, nikakanyaga sakafu kwa nguvu zangu zote.

Ulipita. Zulia likaenda nao, puti ikapasuka kama sahani, na mguu wangu ukatokea chini ya lori hadi juu ya goti, unaning'inia pale kwenye jua na kandambili imedondoka. Nilisikia Mama akipiga ukelele. Damu ilianza kutiririka. Kofia aliinama akautazama mguu, akainuka akanitazama mimi juu, akainama tena akautazama mguu, kana kwamba ni wa watu wawili tofauti. Kisha akavua kofia. Ana upara. Miaka mitano, na nikaujua leo.

"Ni puti," nikamwambia. "Milango pia. Na nguzo. Mabati niliyakata, yako nyuma ya tangi, hayakuwekwa. Nami nimejua wiki iliyopita tu."

Walinichomoa yeye na Mjomba, kila mmoja amenishika kwapa. Mjomba alikuwa analia waziwazi. Kofia alinifunga mguu kwa kitambaa chake, hakumwangalia mtu mwingine yeyote. Akaniambia, "Pale bohari la mbao wanatafuta dereva. Nitakutaja." Akavaa kofia yake, akaenda kumwambia mkewe washushe mizigo.

Baba alikuwa bado amesimama mahali palepale. Hakuona kilichotokea, alikisikia tu. Akasema, "Umenivua nguo mbele ya mgeni."

Nilikuwa na majibu kumi. Mguu uliuma, nikaingia ndani kuuosha.

Jumatatu, 29 Aprili

Nyuzi saba. Mtu mwingine ameshika basi. Bohari wamepiga simu.

Alhamisi, 2 Mei

Bohari wamenikubali. Nitaanza Jumatatu, nitakaa hukohuko, wana vyumba vya madereva. Naondoka kesho asubuhi.

Baada ya chakula cha mchana nilikwenda kumuaga Baba. Nilitaka anijibu swali moja kabla sijaondoka, nikamwuliza bila kuzunguka.

"Mdogo wangu umempa nyumba ya kupanga, umempa mtaji mara nne, sasa lori. Mimi hata neno la kweli hukunipa. Nimekukosea nini?"

Alifikiri. Nitampa haki yake, alifikiri kweli, hakunijibu ovyo. Akasema, "Hujanikosea kitu. Yeye asiposhikwa ataanguka. Wewe una mikono, mwanangu. Mtu mwenye mikono haombewi."

Hakusema kwa ubaya. Kwake hilo ni jambo lililo wazi, kama vile mtoto mrefu ndiye anayetumwa kutoa kitu juu ya kabati. Nimekaa nalo mchana wote. Kila nilichojifunza kufanya vizuri ndani ya nyumba hii kilikuwa sababu ya kuninyima kimoja zaidi. Kama ningekuwa goigoi ningekuwa nalo lori.

Nilipokuwa chumbani nafunga mizigo Mama akaja. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanisaidia kukunja shuka, akauliza kama mguu bado unauma, akaniambia nisisahau sweta. Nikaanza kulainika. Nikadhani sasa atasema.

Akasema, "Baba yako anauliza. Vile vibati vyako bado vipo. Kwa kuwa unaondoka kesho, na leo jua limewaka, huwezi kukaa na mjomba wako jioni hii mviweke? Liuzwe kihalali, asiwepo wa kulaumiwa."

Nilimtazama nione kama anatania.

"Si vyote," akasema. "Hata mlango mmoja tu, mwanangu."

Nikafunga nyundo kwanza, kisha nguo.